Mkono Uliorudi kwenye Bukari

Nilikuwa na uma wangu peke yangu. Ulikuwa wa chuma chepesi, jino lake moja limepinda, na mpini wake umefungwa uzi mwekundu ili mtu asiukosee. Sahani yangu nayo ilikuwa na alama: ya bati, yenye maua ya buluu yaliyochubuka. Kwa miezi mingi nilikula kwa uma huo, pembeni, katika nyumba ambayo bukari, ugali wetu wa mahindi, huliwa kwa mkono na kutoka sahani moja. Ninaandika haya sasa kwa sababu nimepona kiasi cha kuweza kucheka. Tena najua kwamba kuna mtu mahali fulani, pengine si mbali na hapa Likasi, ambaye leo asubuhi ameficha mikono yake chini ya kitenge.

Usitegemee nikufundishe udaktari, siujui. Jina langu ni Odile. Mtaani wananiita Mama Gracia, kwa jina la binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi. Kazi yangu ni nywele. Nina kibanda cha mbao huko Kikula, chenye kioo kimoja na viti viwili, na kwa miaka mingi mikono yangu ilishinda ndani ya dawa za kulainisha nywele, shampuu na rangi. Niliringia mikono hiyo. Wateja walisema nikiwaosha kichwa wanasinzia, na wengine walisinzia kweli, hadi nikawa nawaamsha kwa kuwafinya sikio.

Ilianza na mvua za mwisho za Aprili. Kati ya vidole pakawa panawasha, nami nikafikiri ni upupu wa kuni. Mwezi wa sita, baridi ilipoingia na ukungu ukawa unashuka kutoka vilimani kila asubuhi mpaka huoni nyumba ya jirani, ngozi yangu ilikuwa imekauka na kupasuka kama ganda la muhogo. Ikapanda viganjani, ikaingia kwenye mikunjo ya viwiko, ikafika shingoni. Nikaamini ni uchafu. Nikawa naosha mikono kwa sabuni ya unga, ile ya kufulia, kisha nasugua kwa limau. Limau linatoka mtini, nilijiambia, litanidhuru nini? Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini mimi nililia.

Siku ya uma naikumbuka vizuri. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa. Mama mkwe wangu, Mama Monga, anaishi nasi tangu mumewe, aliyefanya kazi mgodini, afariki. Yeye ndiye anayekaa mbele ya sahani. Kwa desturi yetu hakuna anayegusa bukari kabla mkubwa hajagusa. Akamega, Delphin mume wangu akamega, watoto wakamega, nami nikatia mkono. Bukari lilikuwa la moto. Kidole gumba changu kilipasuka palepale na tone la damu likabaki juu ya ule weupe, dogo kama punje ya mtama. Mama Monga alirudisha mkono wake mapajani, na mikono mingine yote ikarudi.

"Odile," akasema, na sauti yake haikuwa kali, "usikasirike. Kuanzia leo utakula na fourchette, pale ku mulango. Ni juu ya batoto."

Nilimtazama Delphin. Delphin alitazama mboga. Simlaumu tena, ila siku hiyo nilimchukia kabisa, na napenda ajue hivyo akisoma hapa.

Mtoto wetu mdogo, Dorcas, alikuwa na miaka mitatu. Kesho yake alinyanyuka na tonge lake akanifuata mlangoni, akae nami kama alivyozoea. Akaitwa. Akarudi. Keshokutwa hakunyanyuka. Watoto hujifunza upesi, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Ugonjwa ungeweza kuchukua ngozi yangu yote, sikujali sana. Nilichotaka ni kutia mkono tena katika ile sahani, pamoja na watoto wangu, bila mtu kurudisha wake.

Nikaenda hospitali. Kama hujawahi kusubiri daktari wa ngozi anayetoka Lubumbashi mara moja kwa mwezi, basi hujui kusubiri ni nini. Tulikaa kwenye benchi refu la ukumbini, kila mmoja na kipande chake cha karatasi chenye namba, na ukungu uliingia nasi hadi ndani. Hapo hakuna anayekuuliza unaumwa nini, maana kila mtu anaona. Kulikuwa na mzee aliyefunika uso kwa kofia, na mama mmoja kutoka Kambove aliyekuwa na mabaka miguuni, ambaye alinitazama mikono bila haya na kuniambia, "Yako njo inalia damu. Yangu haiye inalia, inachekaka tu." Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Aprili.

Kisha nikasinzia. Katika miezi hiyo nilikuwa nasinzia popote, maana kuwashwa kunamlia mtu usingizi wake halali na kumwachia vipande. Mimi ni mtoto wa wavuvi, nimezaliwa kando ya ziwa la Tshangalele, na kila niliposinzia nilirudi huko. Nilijiona nimekaa ukingoni, nimetia mikono majini. Maji yalikuwa vuguvugu. Mikono yangu ikaachana na mimi taratibu, bila maumivu, ikaogelea kuelekea kwenye matete, na mimi nikabaki nikiitazama na kuwaza: haya, angalau imepata pa kwenda. Ndoto hiyo ilinijia mara nyingi. Sikuiogopa hata siku moja.

Muuguzi aliniamsha kwa kunigusa bega. Tulimwita Mama Béa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Daktari alinitazama kwa muda mfupi, akasema ni ukurutu, akasema mikono imechoka na dawa za nywele na sabuni, akaandika marhamu, dawa ya kupaka. Mama Béa ndiye aliyekaa nami.

"Ile ugonjwa haiambukizaka muntu," aliniambia. "Ambia bantu ya kwako. Na mayi ya moto, acha. Sabuni ya unga, acha. Citron, acha. Parfum, acha."

"Sasa nitabaki na nini?"

"Na mayi na akili," akasema.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, nikamwambia Mama Monga kwamba haiambukizi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Halafu akauliza daktari ana miaka mingapi. Nikasema labda thelathini na mitano. "Ah," akasema, "ni mutoto." Uma ukabaki mahali pake.

Marhamu ilisaidia, nisidanganye. Ngozi ilifunga. Lakini nilirudi kwenye dawa zangu za nywele, maana ndiyo kazi niliyoijua, na baada ya majuma mawili vidole vikafunguka upya. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye makopo ya rafuni, nami nilikipangusa vumbi kila asubuhi. Hivyo ndivyo ilivyopita Julai, ndivyo ilivyopita Agosti. Wateja wakapungua. Waliobaki waliniomba niwasuke bila kuwaosha, wakikaa wima, hakuna aliyesinzia tena.

Sasa nifike kwenye pemba.

Pemba ni udongo mweupe, laini, unaouzwa sokoni kwa mabonge. Wanawake wenye mimba huulamba. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya Dorcas nilitembea na bonge mkobani, una ladha ya mvua ya kwanza. Wazee waliwapaka nao watoto wenye harara. Mwisho wa Septemba, jacaranda zilipokuwa zimechanua na barabara zote za mjini zimekuwa zambarau, nilikaa uani mchana nikitazama maua yakidondoka. Sikuwa na mteja. Nadhani nilikuwa nusu nasinzia. Mama Monga akatoka ndani na kopo la maziwa ya unga na bakuli la maji, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Leta mikono," akasema.

"Mama?"

"Wakati shiye tulikuwa batoto, ngozi ikiwaka, mama yangu alikuwa anatupakaka pemba. Ilibaki mu boîte. Leta mikono."

Nikampa. Alichanganya unga ule na maji kidogo kiganjani mwake, haraka, kisha akanipaka kwa vidole viwili, akinizungusha kila kidole, akishuka mpaka kiwikoni. Alivuta pumzi kwa pua kama anavyofanya akisali rozari. Ilikuwa miezi mitatu tangu mtu wa nyumba ile anishike mikono. Nikafumba macho. Nilihisi joto, joto jema, na nikawaza kwamba hivi ndivyo dawa inavyoingia, au labda hivi ndivyo mikono ya mtu anayekupenda inavyokuwa, nimesahau tu. Joto likazidi. Nakuambia ukweli: nilijua kabisa kwamba kuna jambo haliendi sawa, na bado nilinyamaza, kwa sababu nilitaka aendelee.

Gracia ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa ametoka shule, ameona kopo la bibi yake.

"Nkambo! Ile si pemba! Ile ni ya kupaka ku kibambazi!"

Kila mwaka, kabla ya Bonana, sikukuu yetu ya mwaka mpya, tunapaka kuta za nyumba chokaa kutoka Kakontwe. Ile iliyobaki, kavu, haijatiwa maji, Delphin huihifadhi kwenye kopo la maziwa. Pemba iliyotwangwa nayo imo kwenye kopo la maziwa, la aina ileile, kwenye rafu ileile. Unga mweupe na unga mweupe. Mama Monga ana mtoto wa jicho. Mtu mwenye ngozi nzima angebambuka kidogo yakaisha. Ngozi yangu ilikuwa na milango mia.

Gracia aliburuta ndoo na kunimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka maua ya jacaranda yakaelea uani. Kiganja cha Mama Monga kilikuwa chekundu pia, lakini aliendelea kukaa kwenye kigoda, mikono imeinuliwa, kama anayengojea mtu amwambie aiweke wapi.

Delphin alirudi kutoka kazini akanikuta nimetoka hospitali, nimefungwa bandeji kutoka vidoleni mpaka viwikoni. Hapo ndipo mwanaume aliyetazama mboga alipopata sauti. "Mama, macho yako haiko naona tena, juu ya nini unashika bintu? Ulimufukuza ku sahani, sasa unamuchoma?" Alisema mengine ambayo sitayaandika. Mama Monga hakujitetea. Alijibu mara moja tu, akiwa ameinamisha kichwa: "Miye njo nilimuchoma. Si muntu mwingine." Nikajikuta namtetea mimi. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini nilijua kilichokuwa ndani ya vile vidole viwili.

Majuma mawili ya bandeji. Kila siku ya tatu, benchi, namba, Mama Béa na mkasi wake. Fikiria mtu mzima asiyeweza kufungua mlango, kuvaa nguo, kujipangusa. Gracia alinivisha. Delphin alinisafisha, usoni amekaza kama anayebeba sanamu ya Bikira kwenye maandamano, nami nilimtania mpaka akalegea. Lakini kula?

Siku ya kwanza Mama Monga aliteremsha sahani kubwa, akaninawisha mdomo, maana mikono haikuwezekana, akaninong'oneza: "Fungua kinywa."

"Mama, nipe fourchette yangu."

"Utaishika na nini?" Akamega bukari kwa mkono wake, mkono ambao nao ulikuwa unabambuka kiganjani, akalifinya, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, akanilisha. Halafu akamega lake. Sahani ilikuwa ileile moja. Sijui kama aliona alichokifanya. Mimi niliona, nikatafuna huku machozi yakiingia mdomoni, na bukari likawa na chumvi kupita kiasi.

Usidhani basi yameisha. Bandeji zilipotoka, niliogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mikono ilikuwa mipya, ya waridi, na nilikuwa na hakika nikiigusa na kitu chochote itafunguka tena. Nikarudi mlangoni mwenyewe, na uma wangu, safari hii bila kufukuzwa. Mama Monga alisema, "Kuya, kula na bengine." Nikasema hapana. Damu yangu juu ya bukari, mikono yote ikirudi nyuma: hiyo ndiyo niliyokuwa naiona kila sahani ilipowekwa, na nikajiapiza haitaonekana mara ya pili. Sitakaa pale mpaka niwe na ngozi isiyopasuka.

Ndipo Mama Monga alipoanza shughuli yake. Sijui aliyoyaongea na Mama Béa. Alikwenda hospitali peke yake, akangoja kwenye benchi lile, bila namba maana hakuwa mgonjwa. Aliporudi alikuwa na mpango. Kila kitu kitakachogusa mikono yangu kitagusa kwanza mkono wake, ndani ya kiwiko, kidogo kama kucha, kwa siku tatu. Gracia alichora duara kwa kalamu ya bic na kuandika herufi: S ni sabuni, K ni mafuta ya karanga, A ni utomvu wa aloe, yaani mshubiri. Mkono wa bibi ukajaa.

"Nkambo, mukono yako iko sawa cahier," Gracia akamwambia, maana ulifanana na daftari la shule.

"Soma basi," bibi akasema. "Miye haiko naona."

Mvua za kwanza zilifika, na masuku, yale matunda ya porini, yakaanza kuuzwa kandokando ya barabara. Nyumba ilinukia udongo uliolowa na mafuta. Nilikaa kibarazani nikiwaangalia wale wawili wakisoma mkono kama barua, na mara nyingine sikuwa na hakika kama niko macho. Mama Béa alipouona mkono ule alicheka mpaka miwani ikamwanguka. "Mama, ngozi yako na yake si moja! Kitu inaweza kukuachia weye na ikamuchoma yeye." Alieleza vizuri: nijipime mwenyewe, kitu kimoja kwa wakati mmoja, na nisubiri. Mama Monga akakubali, lakini kwa namna yake: "Muzuri. Kwanza kwangu, kisha kwake." Hakuna aliyeweza kumbadilisha. Basi tukawa wawili wenye duara za bic.

Tulichojifunza ni kidogo, na ningependa ungejifunza bila kuungua. Neno *naturel*, yaani ya asili, kwenye chupa halina maana yoyote. Kuna muuzaji mmoja sokoni aliyeapa kwa mama yake kwamba mafuta yake ni majani matupu. Yalinukia vizuri hadi nikatamani kuyanywa, na siku ya pili mkono wa Mama Monga ulikuwa na alama nyekundu. Bado iko, duara dogo jeusi, ingawa herufi imefutika. Mafuta ya karanga kwake yalikuwa mazuri, kwangu yakawasha. Aloe, ambayo kila jirani aliisifu, iliniwasha pia. Mawese yalinipendeza lakini yalipaka rangi kila shuka. Sabuni tuliyobaki nayo ni kipande cheupe cha bei ndogo, hakina harufu yoyote, hata ukikinusa unafikiri umepata mafua. Chokaa, limau, pilipili, na yale majani yasiyojulikana, vyote vinatoka kwenye ardhi ya Mungu, na vyote vinaweza kukuunguza.

Kilichokaa ni nta. Kuna wauza asali wanaoshuka kutoka misitu ya upande wa Kambove, na kwa kawaida nta hubaki na makapi. Mama Monga alimwomba mmoja wao bonge, akaliyeyusha polepole ndani ya maji ya moto, akalichuja kwa kitambaa, akatia mafuta ya alizeti. Alihitaji kitu cha kukorogea, cha chuma, kisichofika kwenye chakula cha watu. Akatazama huku na huku. Akachukua uma wangu, akaukata ule uzi mwekundu kwa meno, akakoroga.

"Mama, nitakula na nini?"

Alikuwa anahesabu kwa midomo.

Tulisubiri siku tatu kwake. Tukasubiri siku tano kwangu, maana niliogopa. Hakuna kitu. Nikaanza kujipaka kila nikinawa, mikono ikiwa bado na unyevu, maji vuguvugu, kupangusa kwa kugonga bila kusugua. Marhamu ya daktari niliitumia alivyosema, siku alizosema, na ninakuomba nawe usiitupe kwa sababu umepata nta. Dawa za kulainisha nywele niliziacha. Siku hizi nasuka tu, na nikiosha kichwa navaa glavu za pamba ndani ya zile za mpira. Mikono yangu si ya zamani. Ina mistari, na baridi ikirudi inanikumbusha. Lakini ni yangu.

Tangu uma uende kwenye nta nilikula kwa kijiko cha uji cha Dorcas, bado mlangoni. Ndiyo, cheka. Ngozi ilikuwa imeshafunga. Woga ndio haukufunga.

Bonana ikafika. Nyumba ilipakwa chokaa, na safari hii Delphin aliandika CHOKAA kwenye kopo pande zote nne na juu ya kifuniko, kisha akalimwaga lote lililobaki. Kaka zake walikuja na wake zao. Bukari lilikuwa kubwa kuliko yote niliyopika mwaka ule, kwa sababu nililipika mimi. Mwiko ulinitoa jasho na viganja vikanyamaza. Kulikuwa na samaki wa Tshangalele, wametoka kwa ndugu zangu. Watu wakaketi. Nami nikachukua kijiko changu kidogo nikaelekea mlangoni.

Kaka mmoja wa Delphin akatoa sala fupi. Watu wakamtazama mkubwa, kwa maana pasipo yeye hakuna anayeanza. Mama Monga alikuwa amekaa mbele ya sahani, mikono mapajani.

"Odile," akasema. "Kuya hapa."

Nikaenda, nikasimama.

"Kaa."

Nikakaa. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, na ile alama nyeusi ilikuwa wazi mbele ya wageni wote. Harufu ya samaki ilipanda. Dorcas alinisogelea akanilalia pajani.

"Anza weye," Mama Monga akasema.

"Mama, miye ni mutoto. Mukubwa njo anaanzaka."

"Miye nilirudisha mukono yangu mbele ya batoto. Leo haitaenda kama yako haikutangulia." Akatazama watu wazima wote waliomzunguka, kwa macho yake mabovu. "Njala iko nashika bantu. Anza."

Niliuona mkono wangu ukienda, kama ule wa ndotoni, ila huu ulikuwa umeshikana nami. Bukari lilikuwa la moto. Nikamega. Nikasubiri kidole kiwake, kipasuke, kitoe lile tone. Watu wote walikuwa wanatazama ule weupe.

Ulibaki mweupe. Nikafinya tonge, nikachovya, nikala. Na kabla sijameza, mkono wa Mama Monga ulikuwa tayari ndani ya sahani, palepale nilipomega mimi.